Kilo Nilizomficha Fundi Lukasi

Chome, Jumamosi jioni

Nakunda mwanangu,

Ukiikuta karatasi hii ndani ya kiatu chako cha safari, usishangae wala usimwite mama yako. Nimeiweka humo kwa sababu najua kesho alfajiri utakung'uta viatu kabla ya kuvaa, ukitafuta nge, na kwa baridi hii ya Chome sijui huyo nge atatokea wapi. Ni mimi niliyekufundisha. Mtoto aliyelelewa na mtu mwenye shaka hukung'uta hata viatu vipya.

Sasa hivi wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi. Nimebaki nyumbani kwa kusingizia goti. Goti ni zima kabisa. Nilitaka saa moja ya kuandika bila mtu kunichungulia begani, na mnaochungulia nyumba hii ni wawili.

Mambo ya blanketi, chumvi, na kuchemsha maji mama yako amekwisha kukueleza mara nne, mimi sina la kuongeza. Sanduku lako limetangulia Makanya na lori la ushirika. Kamba nimeifunga kwa fundo langu lile la kulia kwenda kushoto. Ukilikuta fundo la namna nyingine, kagua vitu vyako kabla hujamshukuru dereva. Unaona jinsi nilivyo. Barua haijafika hata ukurasa wa pili na tayari nimemshuku mtu anayenibebea mzigo bure.

Unakwenda kukabidhiwa zahanati. Watakupa funguo za kabati la dawa, na tangu siku hiyo kuna mtu ataanza kukutazama mikono. Akiona umenunua kanga mpya, atahesabu vidonge kichwani mwake. Nawe, kwa kuwa umetokana na mimi, utaanza kumtazama mfagizi. Unaukumbuka ule uzi mweusi niliokuwa nikiufunga kwenye mlango wa kabati ili nijue kama limefunguliwa nikiwa sipo? Ulikuwa na miaka minane ulipoukata kwa meno, ukaufunga upya kwa fundo lako, ukakaa kimya kunitazama. Siku tatu nilimhoji yule mzee aliyekuwa akitufagilia, baba wa watu, mzee wa kanisa. Siku ya nne ukacheka mezani mpaka makande yakakutoka puani. Nilikuchapa, nakumbuka. Yule mzee sikumwomba radhi. Nilimwongezea sabuni mwezi ule, nikajiambia ameelewa.

Hadithi ya siku niliyopimwa kwenye mizani ya kahawa unaijua, kama Chome nzima inavyoijua. Inasimuliwa kwenye harusi, nami mwenyewe huongeza chumvi nikiombwa. Lakini kila ninapoisimulia huikatiza mahali pale pale, watu wakiwa wanacheka. Kuna kipande hubaki. Ndani ya kipande hicho yumo yule fundi Lukasi, ambaye wewe unamjua kama mtu wa kuchekesha kwenye hadithi ya baba yako. Lukasi aliipoteza karakana yake kwa sababu yangu. Harusini sijalisema hilo, na yeye sijamwambia neno ninalodaiwa kumwambia.

Basi tuanze na pikipiki.

Ile pikipiki yetu ndogo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Iliachwa na familia ya daktari Mzungu waliporudi kwao. Ilikuwa ya kijana wao wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akiirukisha juu ya vichuguu nyuma ya kanisa. Ndiyo maana ina matairi ya meno yasiyogandwa na matope, na kiti chake kina ukubwa wa mkate. Zahanati ikapewa chombo, na mimi nikapewa kwa sababu zahanati nzima ilikuwa mimi. Siku ya kwanza nilipoikalia, magoti yalipanda mpaka mbavuni, na springi za nyuma zikalala moja kwa moja, zisiinuke. Mama Ndeshi alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama akanitazama kwa huruma.

"Daktari," akasema, "shuka taratibu. Huyo mbuzi ana mimba."

Watu wanadhani springi ni kwa ajili ya starehe. Springi kazi yake ni kulipokea jiwe kabla jiwe halijamfikia aliye juu. Zile za mtoto hupokea kwa kadiri ya mtoto. Akipanda mtu kama mimi, zinakuwa zimekwisha kubonyea zote kabla safari haijaanza, kwa hiyo tukifika kwenye jiwe hazina mahali pa kwenda. Chuma kinagonga chuma, na kishindo kinapanda chote kilivyo. Barabara ya kutoka Makanya kupanda huku unaijua. Juu ya kishindo hicho nilikuwapo mimi, na nyuma yangu kasha la dawa kutoka Same: penisilini, dawa ya maji ya watoto, dawa ya vidonda, zote kwenye chupa, zimefungiwa majani makavu ya mgomba.

Mwezi wa kwanza zilivunjika chupa tatu. Wa pili saba. Wa tatu kumi na moja.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya Azimio, na kila kamati ilikuwa ikimtafuta mnyonyaji wake. Katibu wetu wa kijiji, unamkumbuka, yule mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, akanisimamisha kwenye kikao.

"Chupa zinavunjika, Daktari. Sawa. Vigae viko wapi?"

"Nilivitupa njiani."

"Njiani wapi?"

Mwezi uliofuata nikaleta vigae kwenye mfuko. Akavimwaga mezani, akaanza kuviunga kimoja kimoja kama mtu anayefuma mkeka. Alitumia mchana mzima. "Hivi ni vya chupa tano na kizibo," akasema. "Wewe umeandika tisa." Nilikuwa nimeandika tisa kwa sababu zilikuwa tisa, ila nani aliyekuwa na muda wa kuokota kila kipande pale kwenye kona ya mto, mvua ikinyesha? Tangu siku hiyo nikajua wanasema ninauza dawa mjini Same. Mama yako aliyasikia kisimani. Mimi niliyaona kwa jinsi watu walivyoacha kuniuliza habari za safari.

Na kulikuwa na jambo jingine, la aibu zaidi. Ofisini kwa katibu ilibandikwa picha ya mnyonyaji: mtu mwenye tumbo, vifungo vya shati vinalia. Wewe umenizoea, lakini hebu nifikirie nilivyokuwa miaka ile. Kila kikao nilitafuta kiti cha upande wa pili wa chumba, ili mtu asije akatutazama kwa mpigo mmoja, mimi na picha.

Niliona dawa yake ni moja tu: kuibadilisha pikipiki imbebe mtu mzima. Yule dereva wa lori la ushirika akaniambia kuna fundi kwenye shamba la mkonge karibu na Makanya, Lukasi, Muha wa Kasulu, aliyekuja kukata mkonge akaishia kuwa mtengenezaji wa kila chombo kilichokuwa kikizunguka pale. Mimi, kwanza, nikajiuliza kwa nini mtu atoke Kasulu. Watu wa mkongeni tuliwasema vibaya huku milimani, hatukujua wametoka wapi wala wamekimbia nini. Kabla sijaipakia pikipiki kwenye lori, nilichora alama kwa msumari kwenye injini, kwenye tangi, na chini ya kiti, ili nijue kama amenibadilishia. Sikwenda nayo mwenyewe. Nilisema nina wagonjwa.

Baada ya siku chache lori likaleta karatasi kutoka kwa fundi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Aliuliza mambo mawili: mpandaji ana kilo ngapi, na anabeba mzigo wa kilo ngapi.

Karatasi ile ilipitia ofisini. Siku hizo barua yoyote ya kazi ilipitia kwa katibu, akaisoma, akaipiga mhuri, na jibu nalo lilipita njia hiyo hiyo. Katibu akaniletea mwenyewe mpaka zahanati, akasimama mlangoni na kalamu zake mbili.

"Fundi anataka kilo zako," akasema. "Niandike ngapi?"

Nakunda, nilijua kilo zangu. Nilikuwa nimejipima Same hospitalini mwezi ule ule. Nikaiona ile picha ofisini, nikaona na jina langu chini yake. Nikasema, "Sitini na mbili."

Hakunitazama tumbo. Alitazama karatasi, akaandika. Mpaka leo sijui kama aliamini.

Pikipiki ikarudi baada ya wiki mbili, imependeza. Mbele, ndani ya yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu, Lukasi alikuwa ameweka vipande vya bomba juu ya springi ili zikazwe, akabadilisha na mafuta yake yakawa mazito. Nyuma alikuwa ameondoa zile springi za mtoto na kuweka nyingine, zimepakwa rangi nyeusi. Alama zangu za msumari zote zilikuwapo. Nikaizungusha kwenye uwanja wa kanisa, ikaenda kama inateleza. Nikamsifu Lukasi kwa watu wawili.

Safari ya kwanza ya Same, nilipofika ile miteremko ya mawe, ikagonga. Chuma kwa chuma, kama zamani, pengine kidogo tu nafuu. Chupa tisa.

Nikamwuliza yule dereva, kwa ujanja, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, alichokiona kwa Lukasi. Akasema ukutani kwa Lukasi kulikuwa kumetundikwa springi mbili nene, unene wa kidole gumba, zimetolewa kwenye pikipiki kubwa iliyokufa. Nikarudi nyumbani nikaenda kuzitazama zangu. Zilikuwa na unene wa kidole cha mwisho. Na kwa nini zipakwe rangi? Kitu kizima hakipakwi rangi. Nikakwaruza kwa kisu: chini ya rangi, kutu. Basi nikapata hadithi nzima, na ilikuwa tamu. Ameziweka nene awauzie watu wenye pesa, akanitia mimi kutu iliyopakwa rangi. Nilimweleza mama yako. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimwambia kilo ngapi?" Nikamwambia hajui mambo ya ufundi.

Kwenye kikao cha kamati, katibu alipoanza tena na vigae vyake na macho yote yakanigeukia, niliyachukua macho yale nikayasukuma kwa mtu ambaye hakuwapo. Nilisema kuna fundi mkongeni anayehujumu dawa za wananchi. Nilisema ana vyuma vizuri amevificha. Utamu wa kushuku mtu wa mbali ni kwamba hajibu. Katibu akaandika barua kwa uongozi wa shamba, kali, na mimi nikatia saini. Ile saini yangu yenye mkia, unayopenda kuiigiza.

Siku ya Jumamosi ilipigwa mbiu ya msaragambo, tukatoka kijiji kizima kutengeneza barabara, kila nyumba na jembe lake. Mnamo saa nne tulimwona mtu anapanda kwa miguu kutoka bondeni, peke yake, na gunia la katani begani. Alikuwa mfupi, mwembamba, shati limelowa. Akasalimia wazee, "Shikamooni," wakaitika. Akauliza, "Daktari ni nani kati yenu?"

Hakuna aliyenionyesha kwa kidole. Haikuwa lazima. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akateremka tena taratibu mpaka viatuni.

"Ni wewe wa sitini na mbili?"

Nikainamia jembe langu. Katibu akatangulia mbele. "Wewe ndiye Lukasi? Una mashtaka hapa."

"Nimeyasikia. Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu." Akaligusa gunia. "Mzee, mtu wa kilo sitini na mbili ukimwekea springi nene, zinamrusha kama bisi kikaangoni. Chupa zitavunjika kwa kurushwa badala ya kugongwa. Nilimwekea zinazomfaa mtu mliyeniandikia. Sasa mimi nina ombi dogo. Ghala lenu la kahawa si lile pale? Nipimieni Daktari."

Watu wakaacha majembe. Hebu elewa jambo lenyewe. Pale kwetu mizani ni ya magunia. Kumpima mtu mzima, baba wa watoto, hadharani, kama kahawa, lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba. Ningeweza kukataa na wazee wangeniunga mkono. Na kama ningekataa, Lukasi angeshuka mlima akiwa mwizi. Niliyaona yote mawili wazi kabisa, na nataka ujue kwamba nilisimama nikifikiri, tena kwa muda. Katika hadithi ya harusini mimi hupanda mizani pale pale kwa mbwembwe. Si kweli. Nilianza kusema kwamba mizani ya ghala huenda haijakaguliwa.

Mama yako ndiye aliyesogea. Alikuwa na jembe, na wewe ulikuwa umemshika nguo.

"Baba Nakunda," akasema, si kwa sauti kubwa, "kapande. Au niwatajie mimi? Suruali zako nashona mimi."

Nikapanda. Katibu akasukuma lile jiwe la mizani, akalisukuma, akalisukuma tena. Nilitazama mlima wa Shengena muda wote huo.

"Tisini na nne," akasema.

Akaandika daftarini. Kisha akaongeza, pole pole, kama mtu anayeunga vigae: "Kilo tisini na nne. Na huku dawa zinapotea."

Hapo ndipo niliona nimekwisha. Nimemwokoa fundi, nikajikaanga mwenyewe. Aliyenitoa ni Mama Ndeshi.

"Katibu, mwanangu, ngoja kwanza," akasema. "Jumatatu alikuja kumwangalia mume wangu. Alikula kwangu makande, bakuli mbili."

"Jumanne kwetu," mwingine akasema. "Ndizi na maharage."

"Jumanne hiyo hiyo jioni kwetu. Sikujua ametoka kwenu."

"Na kwetu alichukua na ya njiani."

Ikawa kama mnada. Kila nyumba ikataja siku yake. Katibu akajaribu kusema kwamba mtumishi wa umma angeweza kukataa, na Mama Ndeshi akamgeukia.

"Akatae? Daktari akitoka kwako hajagusa chakula, majirani watauliza amekushuku nini ndani ya chungu. Unataka anitangaze mchawi?"

Na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli yake, mwanangu. Mimi niliyeshuku uzi, fundo na rangi ya springi, nilikuwa nakula kila nilichopewa kwa kuogopa kuonekana nashuku. Kilo zile zilikuwa za kijiji kizima. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini barabarani, na katibu mwenyewe akaficha mdomo kwa daftari. Hapo ndipo mimi hukatiza hadithi. Wakati mwingine naongeza jinsi Lukasi alivyofungua gunia na ndani zikawamo zile springi nene. Alikuja nazo mgongoni kutoka Makanya, kwa sababu dereva alikuwa amemnong'oneza kwamba daktari wetu ni mtu wa mwili.

Alizifunga pale pale mbele ya ghala. Alichukua kijiti akapima kutoka ekseli ya nyuma mpaka ukingo wa kiti nikiwa nimesimama pembeni, akatia alama, akaniambia nikalie na kasha nyuma, akapima tena. "Ikishuka vidole vinne, tuko sawa. Ikishuka mkono, umenidanganya tena." Ilishuka vidole vinne. Wakajaza chupa thelathini maji, wakazifunga kwa majani, nikatumwa nishuke nazo kwenye mawe mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia, na kurudi. Zilirudi thelathini. Katibu alizihesabu mara mbili, na mimi, kwa kuwa simwamini, mara ya tatu.

Sasa kile kipande.

Wakati Lukasi anakaza nati ya mwisho, mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu, nimemshikia spana, nimefurahi kama mtu aliyeponyoka. Nikamwambia, "Fundi, wiki ijayo nikipita nitakuletea ndizi hapo karakanani."

Akasema, bila kuinua kichwa, "Karakanani simo. Barua yenu ilifika kabla yangu. Tangu Jumatano nakata mkonge."

Akakaza nati. Akaomba spana nyingine. Nikampa.

Mimi nilitia saini barua ile, na ilichukua mwanga wa siku moja kushuka mlima. Nilishuka mara tatu kwenye ofisi ya shamba kusema kosa lilikuwa langu. Mara ya kwanza karani aliniambia bwana mkubwa hayupo. Mara ya pili alinisikiliza, akaniuliza kama ninalo lolote la maandishi kutoka kijijini. Katibu akaandika, kwa mwandiko mdogo zaidi kuliko ule wa mashtaka. Mara ya tatu nikaambiwa karakana amepewa mwingine na mambo yanakwenda vizuri. Lukasi alikata mkonge misimu miwili. Walimrudisha karakanani siku mashine ya kukamua katani ilipoharibika na yule mwingine akashindwa. Kwa hiyo usije ukaambiwa na mtu kwamba baba yako alimrudishia mtu kazi yake. Ni mashine iliyomrudisha.

Katika misimu ile miwili nilikuwa nikipita Makanya kila mwezi, nikiendesha kwa raha juu ya springi zake. Siku moja nilimkuta kando ya shamba, kiganja kimevimba kwa mwiba wa mkonge. Nilishuka, nikampasua, nikamwosha, nikamfunga vizuri sana. Nikamwelekeza namna ya kukiweka kiganja kwenye maji ya uvuguvugu. Nilizungumza muda mrefu habari za maji ya uvuguvugu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri nimalize hayo ili nifike kwenye lenyewe. Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Imekuwa hivyo miaka yote hii. Nikipita, anatoka, anaibonyeza pikipiki kwa kiganja mara mbili kuona kama springi zinarudi, ananiuliza, "Kilo?" nami namtajia kilo zangu kamili, hata zile za baada ya Krismasi. Hilo tu ndilo nimeweza kulisema kwake bila kuficha. Halafu naongea habari za mvua. Mvua za Makanya unazijua, hakuna. Nimeweza kuzungumzia kitu ambacho hakipo kwa zaidi ya miaka kumi ili nisiseme neno moja.

Mwanzoni nilimshuku. Nilidhani anatengeneza chombo changu kwa kisasi, kwamba siku moja gurudumu litachomoka pale kwenye kona. Kila nikitoka kwake nilisimama mbele ya kona nikakagua nati. Zilikuwa zimekazwa. Nilizikagua mwaka mzima, Nakunda, kabla sijaelewa kwamba mimi ndiye nisiyemsamehe yeye, kwa sababu ya kile nilichomfanyia. Utakutana na hilo. Mtu ukimkosea, utaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, na utajiambia umegundua kitu ndani yake.

Ukifika huko na chupa ikapungua kwenye kabati lako, utashuku. Shuku, siwezi kukuzuia, damu ni yangu. Ila kabla hujatia saini karatasi inayomtaja mtu, jiulize kuna namba gani umeificha wewe. Mimi ningejiuliza, ningeokoa misimu miwili ya maisha ya mtu.

Sasa sikiliza habari za kesho. Dereva aliniambia jana, alipokuwa akipakia sanduku lako, kwamba Lukasi anaacha kazi mwisho wa mwezi huu, anarudi Kasulu kwao moja kwa moja. Nimemwuliza mara tatu, na kwa mara ya kwanza nilitamani awe mwongo. Mwezi huu sina safari nyingine ya kushuka ila hii ya kukupeleka wewe kwenye basi. Tutaondoka saa kumi na mbili, wewe nyuma yangu. Basi linapita Makanya kabla ya saa tano. Tutasimama kwake kwanza.

Atatoka. Ataibonyeza pikipiki. Atauliza kilo, na kesho atauliza za wawili, kwa hiyo mtajie zako kamili bila haya. Kisha patakuwa na ule ukimya mdogo ambao huwa naujaza. Wewe usishuke kwenda kutafuta maji wala usijifanye unatazama barabara. Simama karibu nami. Nahitaji mtu ambaye siwezi kumdanganya awe hapo, na mama yako nimemwuliza, akasema yeye alikwisha kunipandisha mizani mara moja, inatosha.

Nikifungua mdomo nikasema "Fundi, mwaka huu mvua," kohoa.

Kohoa mara moja tu. Ukikohoa mara mbili nitakigeukia kifua chako nianze kukupima, maana hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Baba yako